Lisbon na miji ya jirani: maswali mnayoniuliza mara kwa mara

Kila ikikaribia Aprili, simu yangu hujaa ujumbe wa ndugu na marafiki wanaotaka kuja Ulaya kutembea siku nne tano. Wengi huwa wameshaota Paris. Mimi huwaelekeza Lisbon, mji mkuu wa Ureno, na maswali yanayofuata huwa yale yale. Nimeyakusanya hapa ili yamfae na yule ambaye hana namba yangu.

Kwa nini Lisbon? Ulaya imejaa miji mizuri.

Kwa sababu Lisbon kuna mali ya kwetu. Kuna dhahabu iliyotolewa Kilwa. Kuna sanamu ya mbao iliyoshushwa kutoka merikebu iliyochomwa moto pwani ya Tanga. Kuna kaburi la mtu aliyetia nanga Malindi mwaka 1498. Mswahili anayetembea Lisbon anasoma upande wa pili wa barua ambayo huku kwetu tumesoma nusu tu, kwenye kuta za Fort Jesus na magofu ya Kilwa Kisiwani. Uzuri wa mji upo pia, na bei zake ni nafuu kuliko za Paris au London, ila mimi ningekwenda hata kama ungekuwa mji mbaya.

Nahitaji viza?

Ureno iko ndani ya Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo au Oman anahitaji viza. Hata ukiwa unaishi Uingereza kwa kibali, kama bado una pasipoti ya nyumbani, viza utaomba, maana Uingereza haimo Schengen. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na wadogo zaidi hawalipi. Bima ya safari iwe ya yuro 30,000 kwenda juu. Unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15. Usingoje hizo 15, nafasi za miadi hujaa mapema.

Kama unapita nchi mbili tatu, ombi peleka kwenye nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Na jua kwamba tangu Oktoba 2025 mpakani wameanza kuchukua picha na alama za vidole badala ya kugonga muhuri tu, kwa hiyo usipange ndege ya kuunganisha yenye saa moja katikati.

Siku ngapi zinatosha, na twende mwezi gani?

Siku nne kamili: moja Belém, moja katikati ya mji, moja Sintra, na moja Évora au Tomar. Machi hadi Mei na Septemba hadi Oktoba ndiyo nyakati nzuri. Julai na Agosti jua ni kali na foleni ni ndefu. Kuanzia Novemba mvua hunyesha, na vijia vya Lisbon vimetandazwa vijiwe vyeupe vya chokaa ambavyo vikilowa vinateleza kama sabuni. Njoo na viatu vya soli ya mpira inayoshika.

Tunafika Jumapili usiku. Jumatatu tuanzie wapi?

Msianzie Belém. Monasteri ya Jerónimos na makumbusho ya taifa hufungwa Jumatatu. Mara yangu ya kwanza sikulijua hilo, nikakuta geti limefungwa na ndege yangu ni kesho yake alfajiri. Jumatatu nendeni Sintra, kule majumba ya kifalme hufunguliwa.

Belém kuna nini hasa?

Belém ni kitongoji kilicho ukingoni mwa mto Tejo, magharibi ya mji. Hapo ndipo Vasco da Gama aling'oa nanga tarehe 8 Julai 1497. Aliporudi na habari ya njia ya India, mfalme Manuel wa Kwanza akaanza kujenga monasteri ya Jerónimos, kuanzia 1501. Fedha za ujenzi zilitokana na kodi ya asilimia tano hivi ya biashara ya Afrika na Mashariki. Jengo hilo lilinusurika tetemeko kubwa la 1755 lililoangusha sehemu kubwa ya Lisbon.

Kanisani kuingia ni bure, foleni yake ni tofauti na ile ya tiketi. Ukiingia tu, kushoto kwako kuna kaburi la Vasco da Gama. Alifia Cochin, India, mkesha wa Krismasi 1524, na mabaki yake yaliletwa hapa mwaka 1880. Jiwe limechongwa kamba za merikebu na chombo chenye matanga. Kulia kuna kaburi la Luís de Camões, mshairi aliyeimba safari ile. Malindi imo katika shairi lake kama bandari ya ukarimu. Mombasa humo ni bandari ya hila, na ukumbuke kwamba anayesimulia ni upande mmoja.

Ukitoka hapo, lipia tiketi uingie ua wa ndani wenye baraza za ghorofa mbili pande nne. Nenda asubuhi, kabla mabasi ya watalii hayajafika. Angalia nguzo kwa karibu: kamba, mafundo, matumbawe, majani ya nchi za joto, vyote kwa jiwe. Mtu wa pwani anavitambua bila kuelezwa.

Sasa jambo ambalo wageni wengi hulikosa. Ubawa wa magharibi wa jengo hilo hilo ni Makumbusho ya Wanamaji, Museu de Marinha, na ndani yake kuna sanamu ya mbao ya malaika mkuu Rafaeli. Ilikuwa kwenye merikebu São Rafael katika safari ya kwanza ya da Gama. Aprili 1498, siku moja kabla ya kufika Mombasa, São Rafael ilikwama kwenye mafungu ya pwani ya Tanga. Mabaharia wakayapa mafungu yale jina la merikebu yao, na milima mirefu waliyoiona bara wakaiita vivyo hivyo. Milima hiyo ndiyo Usambara. Waliporudi kutoka India, Januari 1499, kiseyeye kilikuwa kimeua watu wengi mno, waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote. Wakaitia moto São Rafael pale pale kwenye mafungu yake, lakini malaika wakamchukua.

Mimi nimezaliwa Tanga. Nilisimama mbele ya sanamu ile muda mrefu hadi mlinzi akaja kuniuliza kama natafuta kitu. Nikamwambia, kwa Kireno changu cha kuokoteza, kwamba chombo hiki kilichomwa kwetu. Akaniangalia, akaiangalia sanamu, akaenda kumwita mwenzake nirudie.

Mnara wa Belém, uliojengwa kati ya 1514 na 1519 hivi, utazame hata kwa nje. Chini ya kibanda kimoja cha mlinzi kuna kichwa cha kifaru kilichochongwa, kumbukumbu ya kifaru aliyeletwa kutoka India mwaka 1515. Ndani ngazi ni nyembamba na kuna vipindi unafungwa kwa ukarabati, kwa hiyo hakikisha kabla hujanunua tiketi.

Hiyo dhahabu ya Kilwa iko wapi?

Haiko Belém. Iko Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho ya sanaa za kale, katika mtaa wa Janelas Verdes. Tramu ya 15 inayokwenda Belém inapita chini yake: shuka Cais Rocha, panda ngazi.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi pwani yetu na kundi la merikebu zenye mizinga. Akamlazimisha Amiri Ibrahim wa Kilwa akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kodi ya mithkali 1,500 za dhahabu. Dhahabu yenyewe ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe, ikishuka hadi Sofala, na kutoka Sofala kwa majahazi hadi Kilwa. Ndiyo biashara iliyoujenga msikiti mkuu wa Kilwa na kasri la Husuni Kubwa. Mfalme Manuel akaamuru dhahabu ile itengenezwe monstransi, chombo ambacho Wakatoliki hutumia kuonyeshea Ekaristi. Anayetajwa kuwa fundi ni Gil Vicente, na kazi iliisha 1506. Kabla ya hapo, Julai 1505, kundi la merikebu za Ureno chini ya Francisco de Almeida lilikuwa limeshaiteka Kilwa na kuipora, kisha likaenda kuichoma Mombasa.

Monstransi hiyo wanaiita Custódia de Belém. Mitume 12 wamepiga magoti kuizunguka, kila mmoja mdogo kuliko kidole chako lakini sura zao zinatofautiana. Juu yao kuna njiwa mweupe. Watu hutazama huko juu wakaondoka. Wewe inama. Kwenye kitako kuna maandishi yanayozunguka, na ndani yake utaona herufi hizi: QILVA. Zama zile V iliandikwa badala ya U. Ndiyo Kilwa, imeandikwa na wao wenyewe, pamoja na neno linalosema kwamba dhahabu hii ni ya kodi. Niliyasoma herufi kwa herufi, na machozi yalinitoka. Kama una nafasi ya jambo moja tu Lisbon, fanya hili.

Kuzunguka mjini tutumie nini?

Nunueni kadi ya Navegante kwenye mashine za metro, kila mtu yake, kadi tupu ni nusu yuro. Mnaweza kuijaza tiketi ya saa 24 au kuweka salio linalokatwa kila mpandapo. Inafanya kazi kwenye metro, basi, tramu na treni za karibu. Metro inafika uwanja wa ndege.

Dada, tramu ya 28 ile ya manjano ni lazima?

Ni nzuri, inapita vichochoro vya Alfama ambamo unaweza kugusa ukuta wa nyumba ya mtu. Lakini mchana hujaa pomoni, na wezi wa mifukoni wanaijua kuliko madereva. Panda asubuhi na mapema kituo cha Martim Moniz, inakoanzia, upate kiti. Begi liwe kifuani. Ukiona foleni ni ndefu, tembea kwa miguu tu. Jina lenyewe Alfama ni la Kiarabu, kutoka neno la hamamu, na mitaa yake iliyojibana itakukumbusha Mji wa Kale wa Mombasa au Mji Mkongwe.

Safari za siku moja: twende wapi?

Sintra kwanza. Treni hutoka kituo cha Rossio na hutumia kama dakika 40. Ni mji wa milimani, wa baridi na ukungu, ambako wafalme wa Ureno walikimbilia joto la Lisbon. Kasri la Pena, jekundu na la manjano juu ya kilele, lilianza kujengwa na Ferdinand wa Pili kuanzia miaka ya 1830 juu ya magofu ya monasteri ya zamani. Tiketi ya ndani ina saa maalumu, na hapa ndipo watu huumia: saa iliyoandikwa ni ya mlango wa kasri, wala si ya geti la bustani. Kutoka getini hadi mlangoni ni mwendo wa nusu saa wa kupanda. Ukichelewa hawakuingizi.

Ng'ambo kidogo kuna ngome iliyojengwa na Waislamu waliotawala huku tangu karne ya 8. Ilikabidhiwa kwa mfalme Afonso Henriques mwaka 1147, mwaka ule ule Lisbon ilipotekwa. Ukitembea juu ya kuta zake siku isiyo na ukungu unaiona bahari ya Atlantiki. Bustani ya Regaleira ina kisima kikavu cha mita 27 chenye ngazi za kuzunguka hadi chini, vijana wanakipenda sana. Usijaribu vyote kwa siku moja. Chagua viwili, na kimoja kati yake kiwe ngome.

Évora ni saa moja na nusu kwa basi kutoka kituo cha Sete Rios. Kuna hekalu la Kirumi la karne ya 1 ambalo nguzo zake bado zimesimama katikati ya mji, na Kanisa la Mtakatifu Fransisko lenye chumba cha sala kilichojengwa kwa mifupa ya watu. Juu ya mlango wake imeandikwa kwamba sisi mifupa tulioko hapa tunaingoja yenu. Watoto wadogo msiwaingize.

Tomar, saa mbili kwa treni, ni ya mpenda historia. Convento de Cristo ilianzishwa na mashujaa wa Hekalu, watawa wa Kikristo waliokuwa pia askari, mwaka 1160, baadaye ikawa makao ya Shirika la Kristo. Msalaba mwekundu wa shirika hilo ndio uliokuwa kwenye matanga ya merikebu zilizofika Mombasa na Malindi. Watu ni wachache kuliko Sintra na unapata kupumua.

Óbidos, mji mdogo ndani ya ukuta, nusu siku inatosha.

Chakula halali kinapatikana? Na Ijumaa tutaswali wapi?

Kinapatikana. Eneo la Martim Moniz na mtaa wa Benformoso lina mikahawa mingi ya Wabangladeshi na Wapakistani. Msikiti Mkuu wa Lisbon, uliofunguliwa 1985, uko karibu na Praça de Espanha, na metro inafika. Lisbon pia ina jumuiya kubwa ya Waismailia, wengi wao asili yao Msumbiji, na makao makuu ya Imamu wao yako mjini hapa.

Kwenye mikahawa ya kawaida jifunze neno moja: porco, yaani nguruwe. Hata supu ya kijani ya sukuma inayoitwa caldo verde huwekwa kipande cha soseji yake. Samaki ndiye rafiki yako, hasa dagaa wakubwa wa kuchoma wa msimu wa kiangazi. Mkate na zeituni wanazokuletea mezani kabla hujaagiza si za bure, kama hutaki sema zirudishwe, hawakasiriki. Vitobosha vya maziwa na mayai vya Belém vinauzwa hapo tangu 1837: nyunyizia mdalasini, kula vikiwa moto.

Na ukiona kwenye kabati la kioo imeandikwa chamuças, ni sambusa. Zimefika Lisbon kupitia Goa na Msumbiji. Kuku wa piri-piri naye hahitaji mkalimani.

Kuna kitu kinachohusu ukombozi wa Afrika?

Nashukuru kila mtu anayeniuliza hili. Nendeni uwanja wa Carmo, mbele ya kanisa ambalo paa lake liliporomoka katika tetemeko la 1755 na likaachwa hivyo, mbavu zake zikitazama mbingu. Pembeni yake ni kambi ya askari ambamo waziri mkuu Marcelo Caetano alijificha na kusalimu amri tarehe 25 Aprili 1974. Wanajeshi waliompindua walikuwa wamechoka kupigana Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. FRELIMO iliyowachosha Msumbiji ilianzishwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na kiongozi wake Eduardo Mondlane aliuawa kwa bomu hapo hapo Dar mwaka 1969. Msumbiji ikapata uhuru 25 Juni 1975. Wazee wetu waliochangia mapambano yale walichangia pia Wareno kupata uhuru wao, na uwanja ule ni mahali pa kuwaeleza watoto jambo hilo mkiwa mmekaa kivulini.

Kisha teremkeni hadi Museu do Aljube, karibu na kanisa kuu. Lilikuwa gereza la polisi wa siri, sasa ni makumbusho. Ndani wanaeleza pia vita vya makoloni.

Je, wanaieleza historia ya utumwa?

Kidogo kuliko inavyostahili. Katikati ya karne ya 16 inakadiriwa kwamba karibu mtu mmoja kati ya kumi Lisbon alikuwa mtumwa, wengi wao Waafrika. Kuna mtaa unaoitwa Poço dos Negros, Kisima cha Weusi. Jina hilo linahusishwa na shimo ambalo mfalme Manuel aliamuru mwaka 1515 lichimbwe kwa ajili ya maiti za watumwa zilizokuwa zikitupwa ovyo. Yule yule aliyeijenga Jerónimos. Leo ni mtaa wa mikahawa. Ukipita, simama kidogo.

Kiingereza kinatosha, au nijifunze Kireno?

Kiingereza kinatosha kwa vijana na hotelini. Lakini Kireno unakijua zaidi ya unavyodhani. Mesa ni meza. Bandeira ni bendera. Lenço ni leso, fronha ni foronya, vinho ni mvinyo, parafuso ni parafujo. Ukisikia igreja, kanisa, ndilo neno lililotupa gereza, na ukifika Kilwa utaikuta ile ngome inaitwa Gereza hadi leo. Mara ya pili nilikwenda na mama yangu mdogo, ambaye Kiingereza hajui. Mhudumu wa mkahawa alisema neno mesa akionyesha mkono, naye akamjibu kwa Kiswahili, "Ndiyo mwanangu, meza hiyo hiyo," akaenda kukaa.

Nina mzee anayeumwa magoti. Aje?

Aje, ila mpange vizuri. Mji una vilima, lakini Belém ni tambarare na eneo la Baixa, lililojengwa upya baada ya tetemeko, nalo ni tambarare. Alfama mteremke, msiupande: chukueni teksi hadi juu ya ngome ya São Jorge kisha mje chini polepole. Sintra mpelekeni kasri la taifa lililo katikati ya mji, lile lenye dohani mbili kubwa nyeupe za jikoni, msimpeleke Pena. Na makumbusho yenye monstransi yana mlango wa upande wa barabara ya juu, kwa hiyo teksi inamshusha bila zile ngazi za Cais Rocha. Akitaka kuisoma ile QILVA kwenye kitako, mwekeeni kiti ainame bila kuharakishwa.